Mrima na Mlima: Milima ya Pwani, Mito Yake na Ushahidi wa Lugha

1. Utangulizi

Taaluma ya Kiswahili imezoea kuitazama pwani ya Afrika Mashariki ikiwa imeelekeza uso baharini. Historia ya lugha hii huanzia kwenye pepo za kaskazi na kusi, majahazi, bandari, na mahusiano ya karne nyingi na Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi. Mtazamo huo una haki yake, kwa kuwa bila bahari Kiswahili kisingefika kilikofika. Hata hivyo ni nusu ya habari. Nyuma ya Tanga, Pangani, Bagamoyo na Dar es Salaam kuna safu ya milima, na maji ya milima hiyo ndiyo yanayoshuka hadi kwenye miji hiyo. Wanaoishi kando ya mito hiyo, kutoka chanzo hadi mlangoni mwa bahari, husema lugha ambazo ni ndugu wa karibu wa Kiswahili.

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, majina ya milima na mito ya pwani yamehifadhi ushahidi wa udugu huo, ushahidi ambao Kiswahili sanifu chenyewe kimekwisha kuupoteza kwa sehemu kubwa. Pili, pale ambapo Kiswahili kimetumika kuwa lugha ya utawala na utaalamu juu ya milima bila kuzingatia maneno ya wenyeji, hasara haikuishia katika kamusi, bali iligusa udongo, maji na maelewano kati ya watu na serikali.

2. Safu yenyewe: mwamba, upepo na mvua

Milima inayozungumziwa hapa ni ile ambayo tangu miaka ya 1980 wanasayansi wameiita Milima ya Tao la Mashariki. Inaanzia vilima vya Taita nchini Kenya, inapita Upare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Rubeho na Uluguru, na kuishia Udzungwa na Mahenge kusini mwa Tanzania. Isichanganywe na Kilimanjaro wala Meru. Hiyo miwili ni milima ya volkano, na umri wake ni mdogo kijiolojia. Milima ya Tao ni ya miamba ya kale sana, iliyoinuliwa juu kwa kupasuka na kupanda kwa gamba la ardhi, kisha ikamomonyolewa kwa mamilioni ya miaka. Kilele cha Kimhandu katika Uluguru kina zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na Shengena katika Upare wa Kusini ina zaidi ya mita 2,400. Usambara ya Mashariki ni ya chini zaidi, lakini iko karibu mno na bahari, takriban kilomita 40 tu.

Ukaribu huo na bahari ndio unaoeleza mvua. Upepo utokao Bahari ya Hindi hubeba unyevu. Ukikutana na mteremko wa mashariki hulazimika kupanda, ukipanda hupoa, ukipoa unyevu wake hugeuka ukungu, mawingu na mvua. Ukivuka mgongo wa mlima na kushuka upande wa magharibi huwa umekwisha kutua mzigo wake. Ndiyo maana Amani, katika Usambara ya Mashariki, hupata takriban milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, ilhali mji wa Same, ulioko chini ya milima ya Upare, ni wa ukame. Misitu ya mlimani nayo hunasa ukungu, huukinga udongo na matone makali, na huyaachia maji polepole. Kwa sababu hiyo vijito vya mlimani huendelea kutiririka hata miezi ambayo nyika imekauka.

Kutoka hapo mito huanza. Umba unatoka Usambara na kuingia baharini karibu na Vanga, upande wa Kenya. Sigi unatoka milima ya Amani na kuupa mji wa Tanga maji yake kupitia bwawa la Mabayani. Pangani, ambao vyanzo vyake vikuu viko Kilimanjaro na Meru, unapokea Mkomazi na Lwengera kutoka Upare na Usambara. Wami unakusanya maji ya Ukaguru, Rubeho na Nguru. Ruvu unatoka Uluguru. Rufiji, mkubwa kuliko yote, unapokea kupitia Kilombero na Ruaha Mkuu maji ya Udzungwa. Na juu ya mto huo ndipo limejengwa bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024.

3. Mrima: pwani iliyoitwa mlima

Baada ya kuiona ardhi, yafaa kurudi kwenye lugha. Kwa muda mrefu watu wa Unguja wameiita pwani ya bara inayowakabili Mrima, wakaazi wake wakaitwa Wamrima, na lahaja yao Kimrima. Ukitazama ramani utashangaa, kwa kuwa ukanda huo wenyewe ni wa tambarare, mikoko na minazi. Waandishi wa karne ya 19, akiwamo Richard Burton, walilieleza jina hilo kwa maana ya kilima au nchi ya vilima, na isimu linganishi inaunga mkono maelezo hayo.

Mzizi wa Kibantu ambao katika Kiswahili umetoa mlima unajitokeza kwa sauti r katika lugha jirani. Katika Kidigo, lugha ya Kimijikenda isemwayo kusini mwa Mombasa hadi wilaya za Tanga, mrima ndilo neno la kawaida la kilima, na katika nchi ya Wadigo huko Kwale upo mwinuko mashuhuri uitwao Mrima. Kwa hiyo Mrima na mlima ni neno moja katika mavazi mawili. Baharia aliyetoka visiwani aliiona bara, kabla ya yote, kuwa ni nchi inayoinuka. Na katika siku isiyo na ukungu milima ya Usambara huonekana kutoka pwani ya Tanga. Jina la pwani, basi, lilitokana na kile kilichosimama nyuma yake.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba Kiswahili kimehifadhi maumbo yote mawili na kuyapa kazi tofauti. Mlima umebaki kuwa nomino ya kawaida, na Mrima umekuwa jina la mahali. Ndivyo yafanyavyo majina ya mahali: huhifadhi matamshi ya jirani au ya zamani wakati msamiati wa kila siku unaendelea kubadilika.

4. Nguu, Ngulu na Lugulu

Ushahidi wa pili umo katika majina ya milima yenyewe. Kiswahili kimeidondosha l ya kale katika maneno mengi, hasa mwishoni mwa mzizi. Kiswahili husema mvua na njaa, ilhali Wagiriama husema mvula na nzala. Mnyamwezi na Msukuma huuita mguu kugulu. Kanuni hii inafundishwa katika kila kozi ya fonolojia ya kihistoria, lakini mifano yake mizuri kuliko yote imesimama wima katika ramani ya Tanzania.

Ramani hizo huonyesha safu mbili zilizokaribiana: Nguu, upande wa Kilindi, na Nguru, upande wa Mvomero. Mwanafunzi wa jiografia hufundishwa kuwa ni milima miwili yenye majina mawili. Mwanaisimu huona jina moja. Umbo la kati ni Ngulu: ukiidondosha l utapata Nguu, ukiiandika kwa r, kama walivyofanya makarani na wachora ramani wengi, utapata Nguru. Mkaazi wa pwani asiyejua historia hiyo husikia nguru akafikiria samaki.

Kusini kidogo wako Waluguru. Katika lugha yao lugulu ni mlima, na Waluguru ni watu wa mlimani. Umbo rasmi Uluguru lina viambishi viwili vilivyopangana: lu- ya mlima na u- ya nchi. Usemi Milima ya Uluguru, ukichambuliwa mofimu kwa mofimu, ni ‘milima ya nchi ya watu wa mlima’. Kwa Mluguru maneno hayo ni marudio. Kwa msemaji wa Kiswahili hayaonekani kuwa na marudio yoyote, kwa sababu hakisikii tena kile kilichomo ndani ya jina.

Je, Kiswahili hakina kabisa mzizi huo? Kinao. Kamusi zimerekodi neno nguu kwa maana ya kilele cha mlima. Leo ni neno adimu. Wanafunzi wengi hulikuta kwa mara ya kwanza katika kamusi, nalo huwa wamekwisha kulisahau wafikapo ukurasa unaofuata. Lakini ndilo neno ndugu wa lugulu, lililopita katika kanuni ileile iliyotupa mvua na njaa. Lugha inayosifiwa kwa msamiati wa tanga na demani ilikuwa pia na neno lake la asili la ncha ya mlima.

Kanuni hiyohiyo inaeleza jina la Usambara. Wenyeji hujiita Washambaa na nchi yao Shambaai. Waandishi wa zamani waliandika pia Shambala, yaani umbo ambalo l haijadondoka, na utawala ukasambaza Usambara. Shambala, Shambaa na Sambara ni hatua tatu za jina moja.

5. Majina ya mito na kiambishi kilichopotea

Kwa upande wa mito, jambo la kwanza linalovuta macho ni wingi wa majina yanayoanza na ru- au lu-: Ruvu, Rufiji, Ruvuma, Ruaha, Luwegu, Lwengera, Lukuledi. Katika lugha nyingi za Kibantu ngeli ya 11 ina kiambishi lu- au ru-. Waganda husema olulimi. Waswahili husema ulimi. Kiswahili sanifu kimeidondosha l ya kiambishi hicho na kubaki na u-, kama katika ukuta, uzi na ubao, hata ngeli hiyo ikafanana kwa umbo na ile ya nomino dhahania kama utu na uzuri. Msemaji wa Kiswahili ambaye kila siku hutamka Ruvu na Rufiji anakitamka kiambishi ambacho sarufi yake mwenyewe imekiacha. Kando ya mto huo kiambishi bado kina uhai: katika Kihehe, luvaha ni mto, na ndilo asili ya jina Ruaha.

Jambo la pili ni kwamba mto mmoja huwa na majina mengi, na jina moja huwa na mito mingi. Ruvu wa Uluguru, unaoingia baharini karibu na Bagamoyo, uliitwa Kingani katika sehemu yake ya chini, na ndivyo walivyouandika wasafiri wa karne ya 19 walioanza safari zao hapo. Pangani nao, kabla ya kulipata jina la mji ulioko mlangoni mwake, huitwa Ruvu katika sehemu ndefu ya mwendo wake. Tawi lake litokalo Ziwa Jipe na kuungana na Kikuletwa penye bwawa la Nyumba ya Mungu bado ni Ruvu katika ramani. Upande wa Kenya, mto unaoanza kwa jina la Athi huwa Galana baada ya kupokea maji ya Tsavo, na huwa Sabaki ukaribiapo bahari kaskazini ya Malindi.

Wachora ramani wa Ulaya waliona hali hii kuwa ni mkanganyiko wa kurekebishwa. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1886, uliogawa eneo hili, uliuanzisha mpaka kwenye mlango wa mto ‘Wanga au Umbe’, ukauhesabu mto kwa majina mawili kwa kuwa haukuweza kuchagua moja. Lakini hapakuwa na mkanganyiko. Mwenyeji hauiti mto kwa kuutazama kutoka juu kama ndege. Huuita kutoka kwenye ukingo anaposimama. Jina hubadilika pale wanapobadilika watu wanaouvuka, kuvua samaki ndani yake na kuuogopa wakati wa mafuriko. Kwa hiyo mahali jina linapobadilika ni alama ya mpaka wa matumizi, na mara nyingi ni alama ya mpaka wa lugha au lahaja. Jina moja la kiserikali, hata likiwa na manufaa kwa mhandisi, huifuta alama hiyo.

Wanaisimu wenyewe wameikiri nafasi ya mito. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993 kuhusu historia ya Kiswahili, wanakiweka Kiswahili katika kundi liitwalo Sabaki, pamoja na Kimijikenda, Kipokomo, Kiilwana na Kikomoro. Kundi jirani, lenye Kiluguru, Kikaguru, Kigogo, Kizaramo, Kikwere na nyinginezo, huitwa Ruvu. La tatu, Seuta, lina Kishambaa, Kibondei, Kizigua na Kinguu. Pamoja na Kipare, makundi haya hufanya tawi la Kibantu la Pwani ya Kaskazini-Mashariki. Makundi mawili kati ya hayo, likiwamo la Kiswahili chenyewe, yana majina ya mito itokayo bara.

6. Bonde: neno moja, maana mbili

Baada ya majina, yafaa kuangalia msamiati wa kawaida, maana ndimo mlimo na matatizo ya leo. Chukua neno bonde. Katika Kiswahili cha kawaida bonde ni sehemu ya chini iliyo kati ya miinuko. Wabondei, wakaao kati ya Usambara na bahari, wamepata jina lao kutoka kwa neno hilohilo: ni watu wa bondeni, kama Waluguru walivyo watu wa mlimani.

Katika utawala wa maji nchini Tanzania neno hilo limepewa maana nyingine. Nchi imegawanywa katika mabonde tisa, miongoni mwake Bonde la Pangani, Bonde la Wami/Ruvu na Bonde la Rufiji. Hapa bonde ni eneo lote ambalo maji yake huelekea katika mto mmoja au mfumo mmoja wa mito. Kwa maana hiyo kilele cha Kilimanjaro kimo ndani ya Bonde la Pangani, na nguu za Uluguru zimo ndani ya Bonde la Wami/Ruvu. Kiutaalamu ni sahihi kabisa. Kilugha ni kumwambia Mluguru, ambaye jina lake lenyewe ni mlima, kwamba yeye ni mtu wa bonde.

Istilahi huruhusiwa kupanua maana, na hakuna lugha iliyokua bila kufanya hivyo. Tatizo ni pale maana mpya inapotumika katika tangazo la kijijini bila maelezo. Mkulima wa mteremkoni anayesoma kwamba ni wajibu wa wananchi kuhifadhi bonde ana kila sababu ya kudhani kwamba wanaambiwa wengine, walioko chini. Na ilhali yeye ndiye hasa aliyekusudiwa, kwa sababu mto huharibika kuanzia juu.

7. Matuta na ‘shi’: fundisho la miaka ya 1950

Kwamba jambo hili si la nadharia tu linathibitishwa na historia. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliingiwa na hofu ya mmomonyoko wa udongo milimani. Usambara na Uluguru zikawekewa mipango ya lazima: matuta, ngazi za kuzuia maji, makatazo ya kulima miteremko mikali na kuchoma moto. Wataalamu hawakukosea kwamba udongo ulikuwa ukipotea. Hata hivyo mipango ilikataliwa. Katika Uluguru upinzani uligeuka kuwa ghasia mwaka 1955, na mpango ukaachwa. Katika Usambara nako ulikoma kabla muongo huo haujaisha.

Sababu zilikuwa nyingi: kazi ya sulubu, ardhi finyu, na siasa za kudai uhuru. Lakini ipo sababu moja inayowahusu wanaisimu. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu Washambaa, ameonyesha kwamba mjadala wao wa kisiasa ulizunguka dhana mbili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Shi ni neno ndugu wa nchi ya Kiswahili, ila kubana hapa si kule kubana kwa Kiswahili. Katika dhana hizo mvua, rutuba, amani na uhalali wa mtawala ni jambo moja. Nchi haiponi kwa tuta peke yake. Hupona pale mamlaka yanapokuwa mahali pake na mvua ikanyesha kwa wakati.

Bwana shamba alipozungumza juu ya ‘kuhifadhi udongo’, alizungumza juu ya kitu kimoja kilichotengwa na vingine vyote. Msikilizaji wake alikuwa na neno pana zaidi, na kwa kipimo cha neno hilo, amri isiyo na ridhaa ilikuwa yenyewe ni dalili ya nchi inayoharibiwa. Pande mbili zilitumia Kiswahili, na kila upande ukaamini kwamba umeeleweka.

Fundisho hilo halijachakaa. Mwishoni mwa mwaka 2022 maji ya Ruvu yalipungua kwa ukame hata jiji la Dar es Salaam, ambalo hutegemea mto huo kwa sehemu kubwa ya maji yake, likaingia katika mgao. Wakaazi wa jiji walijua kwamba bomba limekauka. Wachache waliunganisha bomba hilo na miteremko ya Kinole na Matombo, umbali usiofika kilomita 200. Uhusiano huo upo katika maumbile. Haujapata nafasi yake katika lugha ya kila siku ya mjini.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba jina la kale la pwani, Mrima, ni neno la mlima. Kwamba Nguu, Nguru na Uluguru ni matawi ya mzizi ambao Kiswahili nacho kinao katika neno nguu. Kwamba majina ya mito yamehifadhi kiambishi ambacho Kiswahili sanifu kimekidondosha. Na kwamba mahali ambapo mto hubadili jina ni data, wala si kosa la kusahihishwa. Imeonyeshwa pia kwamba istilahi ikitengwa na maneno ya wenyeji huweza kuwa sahihi na bado isieleweke.

Kutokana na hayo yako mambo matatu yanayoweza kufanywa na idara za Kiswahili bila gharama kubwa. La kwanza ni kukusanya majina ya vijito, vilele, vivuko na chemchemi kama yanavyotamkwa na wenyeji, kabla hayajageuzwa kuwa maumbo ya Kiswahili. Wanafunzi wengi wa vyuo vikuu hutoka katika vijiji hivyo, na wazee wao bado wanayajua. La pili ni kwa watunga kamusi kuonyesha, katika vidahizo kama nguu, bonde na mrima, uhusiano wake na lugha jirani. La tatu ni kwa watunga istilahi za maji na mazingira kuzijaribu istilahi hizo kwanza kwa watu wa mteremkoni, kabla ya kuzichapa katika mabango.

Kiswahili kimepewa jina kutokana na neno la Kiarabu la pwani, na jina hilo limekifaa. Lakini wanaisimu walipotafuta jina la kundi lake la kinasaba, walilichukua kutoka kwa mto. Na mto huo, kabla ya kuitwa Sabaki, umekwisha kusafiri mbali sana kutoka bara.